Mota kwenye baiskeli ya Ibanda: hesabu ya kupanda, kushuka na kulala na betri

Anayeijua Bukavu anajua kwa nini baiskeli ni chache barabarani. Mji umekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu. Maji ya ziwa yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za komine ya Ibanda, kutoka Nyalukemba na Ndendere hadi Panzi, zimepanda tena makumi ya mita juu yake. Kisangani wana toleka, baiskeli za kubeba abiria, kwa sababu mji wao ni tambarare. Uvira na bonde la Ruzizi wana baiskeli za mizigo kwa sababu hiyo hiyo. Goma wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho mwenyewe hukipanda kikiteremka na kukisukuma kikipanda. Hapa kwetu mzigo unakwenda kwa mgongo wa mama, kwa pikipiki za wamotari, au kwa gari la mwenye uwezo.

Ndiyo maana wazo la kufunga mota ya umeme kwenye baiskeli ya kawaida, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita, linawavutia watu na kuwachanganya kwa wakati mmoja. Mmoja atakwambia baiskeli hiyo inajichaji yenyewe ikiteremka. Mwingine atasema mlima wetu hauwezi kupandwa bila wati 1,000. Wa tatu anaonya kwamba betri zake hulipuka ndani ya nyumba. Wa nne anaamini kwamba mradi mota imefungwa, breki za zamani zinatosha. Katika madai hayo manne, lile la betri ndilo lenye ukweli mwingi, nalo linahitaji maelezo. Lile la breki ndilo la hatari kuliko yote.

Vitu vitatu vinavyoitwa kwa jina moja

Sehemu kubwa ya ubishi inatokana na watu kuzungumzia vyombo tofauti wakidhani ni kimoja. Ipo baiskeli iliyotoka kiwandani ikiwa ya umeme, ambayo fremu, breki na matairi yake vilipimwa tangu mwanzo kwa uzito na kasi ya mota. Ipo pikipiki ya umeme, kama zile za Ampersand zilizoanza kubeba abiria Kigali mwaka 2019, ambazo dereva wake habaki akisubiri betri ijae. Anaingia kituoni, anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa. Na ipo baiskeli ya kawaida, iliyoachwa na babu au iliyonunuliwa mtumba, inayofungwa seti ya mota. Hii ya mwisho ndiyo tunayoijadili.

Seti ina mota yenyewe, betri, chaja, na kontrola, yaani kisanduku kinachoamua ni umeme kiasi gani utoke kwenye betri. Kisha kuna namna ya kuiamuru. Seti nyingine zina kihisi kwenye pedeli: ukikanyaga, mota inasaidia, ukiacha, inanyamaza. Nyingine zina kishikio cha kuzungusha kama cha pikipiki, na mtu anaweza kwenda bila kukanyaga kabisa.

Tofauti hiyo ina uzito kisheria. Ulaya imeweka mpaka: mota ya wati 250, inayosaidia anayekanyaga tu na kuacha kusaidia kasi ikifika kilomita 25 kwa saa, bado ni baiskeli. Marekani, sheria ya shirikisho ya 2002 ilikubali mota isiyofika wati 750. Kanuni yetu ya barabara ni sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Betri ya lithiamu-ioni, ile inayochajiwa, iliingia sokoni mara ya kwanza mwaka 1991 kupitia Sony ya Japani, kwa hiyo walioandika sheria ile wasingeweza kukiwaza chombo hiki. Pengo hilo halimlindi mwendeshaji. Asiyekanyaga pedeli anampa askari wa barabarani sababu ya kuuliza plaketi na karatasi za pikipiki; anayekanyaga ana hoja ya kusema hii ni baiskeli.

Na wati zinazoandikwa kwenye mota zisimtishe mtu wala zisimdanganye. Nguvu inayotoka hutegemea kontrola na betri. Mota iliyoandikwa wati 500, ikiwa na kontrola ya ampea 15 na betri ya voti 48, inaweza kuvuta wati 720 kutoka kwenye betri. Mota ile ile kwenye betri ya voti 36 itavuta 540. Anayeuza kwa kutaja wati peke yake hajasema kitu.

Kwa nini mtu hushuka baiskeli mlimani

Tuchukue mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli na seti yake kilo 25, na mfuko wa kilo 5. Jumla ni kilo 100. Mteremko uwe wa asilimia 10, yaani kila mita 100 za njia unapanda mita 10. Ibanda ina miteremko ya aina hiyo mingi, na mikali zaidi ya hapo. Kupanda kwa kilomita 10 kwa saa kunadai takriban wati 300. Mtu mwenye afya ambaye si mwanamashindano anaweza kutoa kama wati 100 kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Kwa hiyo, akiwa peke yake, mwendo wake unashuka hadi kilomita 3 na kidogo kwa saa. Huo ni polepole kuliko kutembea, na baiskeli haiwezi kusimama wima kwa mwendo huo. Ndiyo sababu watu hushuka na kusukuma. Uvivu haumo.

Sasa mpe mota inayotoa wati 250 halisi kwenye gurudumu. Yeye anaweka 100, mota inaweka 250, na kilima kile kinapandwa kwa kilomita 11 au 12 kwa saa bila jasho kubwa. Kwa mtu mmoja na mfuko wake, basi, mota ndogo inatosha, na dai la wati 1,000 halina msingi.

Mambo hubadilika mzigo unapoingia. Weka gunia la kilo 50 nyuma na hesabu inapanda hadi wati 450 kwa kasi ile ile. Weka abiria na mzigo wake, jumla ifike kilo 200, na unahitaji 600. Hapo mota ya wati 250 itapunguza mwendo, na mota ya umeme inayozunguka polepole chini ya mzigo mzito hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Haizimiki kwa heshima kama injini ya petroli. Inaendelea kujikaza, nyaya za shaba ndani yake zikipata moto, hadi utando wa nyaya hizo uungue.

Kuhusu umbali, kipimo cha kilomita kinachoandikwa kwenye matangazo kilipatikana kwenye njia tambarare, kwa hiyo kwetu ni afadhali kuhesabu vilima. Kuinua kilo 100 kwa mita 100 kunakula wati-saa 27 za kazi tupu, na ukiongeza upotevu wa mota na kontrola ni karibu 40 kutoka kwenye betri. Betri ya kawaida ya voti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, na busara ni kutumia kama 300 kati ya hizo. Hiyo ni mipando saba ya mita mia moja kama mota inafanya kazi yote, na zaidi ya hapo kama mwendeshaji anakanyaga. Kwa anayekwenda kazini na kurudi, inatosha siku nzima. Kwa anayebeba abiria kutoka asubuhi hadi jioni, itaisha kabla ya saa nne.

Mota ifungwe wapi

Hapa ndipo mafundi wanapogawanyika, na kila upande una hoja nzuri.

Njia rahisi ni mota iliyomo ndani ya habu ya gurudumu la mbele. Unavua gurudumu la zamani, unaweka jipya, unafunga nyaya. Ile baiskeli nyeusi ya chuma ya Kichina au ya Kihindi kwa kawaida inaipokea bila shida kubwa, maana nafasi ya foko yake ya mbele haiko mbali na milimita 100, kipimo cha mota nyingi za mbele. Nyuma nafasi yake ni finyu kuliko milimita 135 ambazo mota nyingi za nyuma zinadai. Foko ya chuma pia hustahimili. Udhaifu ni wa mlima: baiskeli ikielekea juu, hasa ikiwa na gunia kwenye kareria, uzito wote unarudi nyuma na gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, na mvua yetu inaanza Septemba na kukaa hadi Mei, gurudumu hilo linazunguka bure pale pale panapohitajika nguvu.

Mota ya habu ya nyuma inashika njia vizuri zaidi. Lakini iwe mbele au nyuma, mota ya habu haitumii gia za baiskeli. Mwendo ukishuka, nayo inashuka, na tatizo la joto linarudi. Zipo zenye meno ndani, nyepesi na zenye nguvu zaidi mlimani, ila meno hayo mara nyingi ni ya nailoni na huyeyuka au kukatika yakilazimishwa. Na zote zina hatari moja ambayo fundi lazima aijue: ekseli ya mota hujaribu kujizungusha kinyume na gurudumu. Isipofungwa mkono wa chuma unaoishika kwenye fremu, hupanua tundu lake kidogo kidogo, hadi siku gurudumu linapochomoka na nyaya zake kukatwa.

Njia ya tatu ni mota inayokaa kwenye pedeli, kama zile za Bafang, kampuni ya Suzhou, Uchina. Hii inasukuma cheni, kwa hiyo inafaidika na gia: kwenye kilima kikali unaweka gia nyepesi, mota inazunguka kwa kasi inayoipenda, gurudumu linakwenda polepole kwa nguvu. Kwa milima, hakuna mpangilio unaoishinda. Gharama yake ni cheni na meno ya gia, ambavyo huliwa haraka, na matope huongeza kasi ya kuliwa. Tena, faida yote hiyo inapotea kama baiskeli haina gia, na ile nyeusi ya babu haina.

Hitimisho la kiufundi, basi, ni tofauti na matumaini ya wengi. Baiskeli tuliyonayo nyumbani ndiyo rahisi kufunga mota na ndiyo inayofaidika kidogo zaidi. Inayofaa ni baiskeli ya mtumba ya milimani, yenye fremu ya chuma, gia za nyuma na sehemu za kufungia breki za kisasa. Anayefikiria seti aanze na swali la baiskeli gani, kabla ya swali la mota gani.

Kushuka ndiko kunakovunja watu

Mazungumzo yote huwa juu ya kupanda. Naona hilo ni kosa kubwa, na nitakaa hapa kidogo.

Kila kilo iliyopandishwa lazima ishushwe. Kilo 100 zikiteremka mita 100 kwa mwendo usiobadilika, karibu nguvu yote iliyotumika kupanda inageuka joto kwenye breki. Joto hilo linatosha kuchemsha kikombe kikubwa cha maji ya chai, kutoka baridi hadi yatokote. Weka gunia la kilo 50 na ni karibu nusu lita. Joto hilo linazaliwa pale vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba, vinaposugua rimu.

Baiskeli nyeusi ya kawaida ina breki za fimbo: chuma chembamba kinachovuta mpira juu ya rimu ya chuma iliyong'arishwa. Pakiwa pakavu, hupunguza mwendo. Rimu ikilowa, mpira huteleza juu ya maji na mwendeshaji anaminya mkono wake wote bila kitu kutokea kwa mita kadhaa. Hapo zamani hilo lilivumilika kwa sababu mtu aliisukuma baiskeli juu na mara nyingi akaisukuma chini pia. Mota inaondoa breki ya asili iliyokuwepo, yaani uchovu. Mtu aliyekuwa anapanda mara moja kwa siku sasa anapanda mara tano, na kila mara anashuka, na chombo kimeongezeka kilo saba hivi za seti, huku chini kuna wamotari, mabasi na watoto wanaotoka shule.

Na ile imani ya kujichaji? Kwa kawaida ni aina moja tu ya mota inayoweza: ya habu isiyo na meno ndani, ambayo inabaki imeunganishwa na gurudumu muda wote. Yenye meno, na ile ya pedeli, hujitenga gurudumu linapokwenda lenyewe, kwa hiyo hazirudishi chochote. Hata ile inayoweza, kilima kilichokula wati-saa 40 kitarudisha kama 10 ukibahatika. Faida yake ya kweli ni kwamba inapunguza mwendo bila kuchoma mpira wa breki. Hata hivyo ina mtego kwa wakaaji wa vilimani: anayeishi juu na kuchaji usiku huondoka asubuhi betri ikiwa imejaa, na betri iliyojaa haipokei umeme. Msaada wa kuzuia mwendo unakosekana kwenye mteremko wa kwanza wa siku, ambao huenda ndio mkali kuliko yote. Dawa ni kutoijaza hadi mwisho. Asilimia 80 au 90 inatosha.

Betri na nyumba za mbao

Tuje kwenye onyo la mlipuko. Betri ya lithiamu iliyotengenezwa vizuri, yenye saketi ya ulinzi ndani na chaja yake halali, ni chombo salama. Iliyokusanywa kwa seli za zamani, iliyoangushwa, iliyoingiwa maji au inayochajiwa kwa chaja ya kifaa kingine inaweza kushika moto, na moto huo hauzimwi kwa ndoo moja ya mchanga. New York, mwaka 2023, watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za lithiamu, na chanzo kikubwa kilikuwa baiskeli na skuta za umeme zilizochajiwa ndani ya nyumba. Mwaka huo huo mji ule ulianza kudai cheti cha usalama kwa kila baiskeli ya umeme inayouzwa.

Bukavu hatuhitaji kufundishwa moto ni nini. Tumeona Nyamugo, Kadutu, moto mmoja ukila safu nzima ya nyumba za mbao kwa sababu ukuta wa jirani ndio ukuta wako na gari la zimamoto halina njia ya kufika. Sehemu za Panzi zina msongamano kama huo. Kuchaji betri usiku, kando ya godoro, mlangoni, mahali ambapo ndiyo njia pekee ya kutokea, ni hatari ambayo familia isiyo na baiskeli nayo inabebeshwa.

Hapo ndipo aina ya betri inapokuwa na maana kuliko bei. Zile zenye nikeli na kobalti ni nyepesi. Zile za chuma na fosfati, zinazojulikana kama LFP, ni nzito zaidi kwa kiasi sawa cha umeme, lakini huvumilia joto zaidi kabla ya kushika moto na hudumu kwa machaji 2,000 na zaidi, wakati zile nyepesi mara nyingi huanza kuchoka kati ya 500 na 1,000. Ni kweli kwamba nchi yetu huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, huko Lualaba na Haut-Katanga, na inauma kuona madini hayo yakirudi kwetu kama bidhaa ghali. Lakini uchungu huo si sababu ya kulala na betri isiyofaa nyumba ya mbao. Kuhusu betri za risasi, zile za asidi, bei yake ni ndogo na haziwaki kama lithiamu. Ila tatu za voti 12 zina uzito wa zaidi ya kilo kumi, na mlimani, zinapovutwa kwa nguvu, hutoa kidogo sana kuliko kilichoandikwa.

Mnunuzi ana silaha moja rahisi: mizani ya sokoni. Betri nyepesi, ile ya nikeli na kobalti, ya voti 36 na ampea-saa 10 huwa na seli 40 hivi, kila moja gramu 46 au 47. Pamoja na kasha na nyaya inafika kilo 2.5 hivi. Ukipewa betri ya uzito huo iliyoandikwa ampea-saa 20, maandishi hayo ni uongo. Hata seli bora kabisa za ukubwa huo, 40 kwa idadi, hazifiki hapo.

Jambo jingine ambalo wasafiri huligundua wakiwa wamechelewa: betri hii haipandi ndege na abiria. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na hadi 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Yetu ina 360. Anayetoka Dubai au Guangzhou anaweza kuleta mota kwenye sanduku, ila betri itabidi ije kwa meli kupitia Mombasa au Dar es Salaam, kisha kwa barabara, na kila mpaka una ushuru wake.

Kuranti ya Ruzizi

Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa Bukavu. Bwawa la Ruzizi ya Kwanza linafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na la Pili, la ushirika wa Kongo, Rwanda na Burundi, tangu 1989. Pamoja na hayo, umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakuja na kwenda, mahitaji yakiwa makubwa kuliko mitambo, na chupa na mifuko ya plastiki tunayoitupa ziwani huenda kukwama kwenye mitambo hiyo hiyo.

Kwa baiskeli, tatizo hili ni dogo kuliko linavyoonekana. Chaja ya ampea 2 hula wati 100 hivi, mara kumi chini ya pasi, na betri tupu inajaa kwa saa tano, si lazima mfululizo. Kuijaza kunakula chini ya nusu ya kilowati-saa. Pikipiki inayotumia lita 2.5 za petroli kwa kilomita 100 inateketeza nishati mara kumi hivi ya ile ambayo baiskeli hii ingetumia njia hiyo hiyo. Hatari iko kwenye dakika umeme unaporudi, voti zikiruka au zikiwa chini sana. Asiye na stabilizateri achomoe chaja delestaji, yaani ukataji wa umeme, inapoanza. Paneli ya jua ya wati 100 nayo inaweza kuijaza kwa siku yenye anga safi, ingawa asubuhi zetu za mvua hazina ahadi. Na hali ya hewa yetu ya baridi ya wastani, nyuzi 20 hivi, huipa betri maisha marefu kuliko joto la Uvira.

Seti, baiskeli nzima, au pikipiki

Wanaotetea seti wanasema mtu anaweza kuanza na alichonacho na kununua kidogo kidogo. Hoja hiyo ina uzito zaidi tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na benki kufunga milango. Anayetafuta mtaji anategemea likelemba, yaani upatu, na ndugu. Seti pia inafunguka: kontrola ikiungua, unabadilisha kontrola, na vijana waliosoma umeme katika shule kama Fundi Maendeleo wanaweza kuielewa kwa wiki moja.

Wanaopinga wanajibu kwamba uchumi huo ni wa siku ya kwanza tu. Mota ya habu bila betri hutoka kiwandani Uchina kwa dola 100 au 200, ya pedeli kwa dola 400 hivi, betri nzuri hula kiasi kama hicho tena, na bado kuna breki, rimu, matairi, usafiri na ushuru. Ukijumlisha, umekaribia baiskeli nzima ya umeme ambayo fremu yake ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Jinja, Uganda, shirika la FABIO lilichagua njia hiyo: baiskeli imara za umeme za kubeba mzigo, zikiwemo za wahudumu wa afya vijijini. Lakini Jinja si Bukavu, na spea ya baiskeli ya kipekee ikikosekana, chombo kizima kinalala.

Kundi la tatu linasema tusubiri pikipiki za umeme zivuke kutoka Rwanda. Kwa biashara ya abiria nakubaliana nalo kabisa. Mmotari anashindana kwa kasi na idadi ya safari. Baiskeli yenye mota, ikiwa na abiria mgongoni kwenye mteremko wa asilimia 12, haitampata, na akijaribu atachoma mota yake au kuvunja mguu wa mtu.

Wala tusidanganye kwamba mama wanaobeba mizigo kwa kamba ya kichwani watapumzika kesho. Safari yao inaishia kwenye ngazi na vichochoro visivyo na upana wa gurudumu, na baiskeli ya kilo 25 au 30 ni mzigo mwingine wa kubebwa hapo. Kinachowafaa ni njia.

Inamfaa nani

Wanaobaki si wachache: mwalimu anayetoka Panzi kwenda kati ya mji, muuguzi, mwanafunzi wa chuo, fundi mwenye sanduku la vifaa, muuza mikate anayezungukia maduka na kilo 20 za mzigo, yeyote ambaye nyumba yake iko karibu na barabara ya gari na safari yake ina mipando miwili au mitatu kwa siku. Kwake seti inalipa, kwa masharti niliyoyaeleza: baiskeli yenye gia, mota ya pedeli, au ya habu ya nyuma kama mfuko hautoshi, betri ya LFP iliyopimwa kwenye mizani. Rimu za aluminiamu na breki mpya zinunuliwe kabla ya mota, na baiskeli ijaribiwe na breki hizo kwenye mteremko wa mvua ikiwa bado haina mota.

Linalobaki wazi ni mahali pa kulala kwa betri. Wenye vibanda vya kuchaji simu tayari wana stabilizateri, paneli na wateja wanaowaamini. Kibanda chenye rafu ya chuma, sakafu ya saruji na mlango unaoangalia nje kinaweza kuchaji betri kumi za mtaa mzima chini ya jicho la mtu mmoja, mchana, kwa malipo madogo, na mwenye baiskeli akarudi nyumbani jioni na betri yenye umeme wa kesho, bila kuchaji ndani. Kazi hiyo haisubiri bwawa jipya wala sheria mpya, na inaweza kuanza kwenye barabara ya Panzi, ambako vibanda hivyo vipo.